Kuwajaribu Watoto: Maneno Juu ya Mitihani ya Skuli

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kila ufikapo mwezi wa Oktoba miji yetu ya mwambao huingiwa na khofu isiyokuwa ya vita wala ya njaa. Ni khofu ya mitihani. Katika nyumba moja kijana wa kidato cha nne hali wala halali. Katika nyumba ya pili mtoto wa gredi ya 6 ametolewa chuoni tangu mwezi wa Mei ili asomeshwe tuisheni alfajiri na magharibi. Katika nyumba ya tatu mama amenadhiri mbuzi. Baba ambaye mwaka mzima msikiti haumjui, siku hizo huonekana safu ya mbele na mikono juu. Hilo la mwisho hatulichukii, kwani kumwomba Mungu ni jambo jema wakati wowote, ila twapenda aje na mwezi wa Februari.

Na sisi tusomeshao huletewa kalamu. Huletwa zimefungwa kwa mpira, kalamu tatu na penseli na rula, tuzisomee na kuzipulizia ili mtoto "afunguke". Wako wanaozisomea, na wako wanaotoza pesa juu yake, na hirizi hushonwa ndani ya mkanda wa suruali ya skuli. Twasema hapa kama tunavyowaambia wenyewe wakituletea: kalamu haina ilimu ya kufunguliwa. Mzazi amwombee mwanawe dua, na mtoto ajiombee mwenyewe, kwani dua ni ibada. Ama hirizi ya mtihani na kombe la mtihani ni biashara, na mwenye kufaidika nayo ni muuzaji. Mtoto aliyekosa kufunzwa hesabu vyema tangu darasa la nne hatazijua kwa kunywa zafarani.

Lakini makusudio yetu leo si hirizi. Twataka kuutazama mtihani wenyewe: ni kitu gani, umewekwa kwa ajili ya nini, na thamani yake yafika wapi na kukomea wapi. Kwani twasikia mijini mwetu maneno ya namna mbili, na yote mawili yatudhuru. Wako wasemao kuwa mitihani ni karatasi za serikali zisizotuhusu, rizki ni ya Mungu, na mtoto akikhitimisha Qur'ani yatosha. Na wako, nao leo ndio wengi, ambao mtihani kwao umekuwa ndio kibla: mtoto akipata alama nyingi ni mtoto, akipata chache ni mkosi wa nyumba.

Tuanze na Kitabu. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha mawalii wa mayatima wawajaribu mayatima hao mpaka wafikapo umri wa kuoa. Wakiwaona kuwa wana akili ya kuendesha mambo yao, ndipo wawakabidhi mali yao. Basi kumjaribu kijana ili ijulikane aweza nini si jambo lililoletwa na Mzungu kwa meli. Ni amri ya Mola wetu, na sababu yake ni amana. Mali ya yatima haikabidhiwi kwa kukisia, wala kwa mapenzi, wala kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa mtu mkubwa. Hujaribiwa kwanza.

Wanavyuoni wakauliza: ajaribiwe vipi? Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho maulamaa wetu wa mwambao wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameeleza kuwa majaribio hayo hutofautiana kwa kadiri ya watu. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa katika kilimo na katika kuwalipa wafanyao kazi shambani. Mwenye kazi ya mkono hujaribiwa katika lile lihusulo kazi yake. Na mwanamke hujaribiwa katika mambo ya kusokota pamba na kuhifadhi chakula kisiliwe na paka. (Mabinti zetu wanaoendesha maduka na zahanati watacheka kwa khabari ya huyo paka, nao wana haki ya kucheka, lakini tazameni maana yake, kwamba kila mtu alitazamwa katika lile aliishilo.) Khalafu akaweka sharti: kujaribiwa huko kurudiwe mara mbili au zaidi. Na waliokisherehesha kitabu chake wakaeleza kuwa mara moja haitoshi, kwa sababu huenda mtu akapatia kwa sadfa bila ya kukusudia.

Twaomba msomaji asimame kidogo mahali hapa. Maneno haya yameandikwa yapata miaka 750 iliyopita, juu ya mali ya yatima, na ndani yake mna mambo mawili ambayo walimwengu wa leo wanayatafuta kwa kamati na ripoti: kwamba mtihani umwelekee anayetahiniwa, na kwamba mtu asihukumiwe kwa siku moja.

Sasa na tuipime mitihani yetu kwa mizani hiyo, na tuipime kwa insafu. Hata katika miaka ya 1960 vijana wetu wachache waliofika sekondari walikuwa wakifanya mtihani wa Cambridge, na karatasi zao zikisafirishwa kwenda kusahihishwa Uingereza. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa 1967, kisha Kenya ikaunda baraza lake mwaka 1980. Mwaka 1985 ukaanza mtihani wa darasa la nane tuliouzoea kwa jina la KCPE, na 1989 ule wa kidato cha nne, KCSE. Mtihani wa darasa la nane ulidumu mpaka 2023, na katika mwaka huo wa mwisho waliufanya watoto zaidi ya milioni 1.4.

Fikirini jambo hilo. Mtoto wa Mvita ambaye babake ana kabati la vitabu, na mtoto wa kijiji cha Tana River ambaye skuli yake huzungukwa na maji mto ufurikapo, karatasi yao ni moja, asubuhi moja, saa moja. Wako waonao dhulma tu katika jambo hili. Sisi twaona dhulma, na twaona haki pia, wala hatupendi kuificha haki hiyo. Msahihishaji haoni jina la mzazi. Ana nambari mbele yake na majibu. Mtoto wa mvuvi wa Kizingitini akijibu sawa hupata alama sawa na mtoto wa waziri, wala haulizwi kabila, wala hatakiwi barua ya mkubwa. Ni milango mingapi katika nchi hii ifunguliwayo namna hiyo? Kazi nyingi hupatikana kwa kujulikana. Nafasi nyingi huenda kwa mwenye mjomba. Watu wa mwambao, ambao kwa muda mrefu wamelalamika kuwa hawana wajomba katika maofisi, ndio wangekuwa wa kwanza kuushika mlango huu usiouliza jina. Lakini sisi ndio twendao nyuma, na twakaa barazani tukisema mlango ni mwembamba.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyaandika haya ya kuwahimiza Waislamu watafute ilimu ya dini na ya dunia katika Sahifa na Al-Islah, hapa Mombasa, katika miaka ya 1930. Yamepita zaidi ya miaka 90. Twaona haya kuyarudia kana kwamba ni khabari mpya.

Hiyo ndiyo thamani ya mtihani ulio mmoja kwa wote. Mwisho wa thamani yake nao wajulikana. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa na alama 500, na miaka minane ya mtoto ikapimwa kwa siku tatu. Mtoto mwenye homa siku hiyo, au aliyefiwa juma lile, au aliyeamka na njaa, alipimwa pamoja na homa yake na msiba wake na njaa yake, kisha karatasi ikaandika nambari tu. Sharti la Nawawi la kurudia halikuwapo. Na sharti la kumtazama kila mtu katika kazi yake halikuwapo pia: kijana wa Lamu awezaye kuitazama mbao na kujua itapinda wapi katika ubavu wa jahazi hakupata swali hata moja la kumwuliza alijualo.

Kuna hadithi katika Bukhari, katika Kitabu cha Ilimu, tungependa kila mwalimu wa skuli aijue. Mtume (S.A.W.) aliwauliza sahaba zake juu ya mti mmoja usiopukutika majani, ambao ni mfano wa Muislamu. Watu wakaanza kutaja miti ya jangwani. Abdallah bin Umar alikuwapo, naye ni kijana mdogo, na moyoni mwake akajua kuwa ni mtende. Lakini alipowaona watu wazima wamenyamaza, aliona haya kusema. Mtume mwenyewe akawapa jibu. Na Bukhari ameifanyia hadithi hiyo mlango wa khabari ya imamu kuwauliza wenzake swali ili ajaribu ilimu waliyo nayo. Basi huu ni mtihani, na mtahini ni mbora wa viumbe, na mwanafunzi aliyejua hakujibu. Lau angepewa alama siku ile, Ibn Umar angelipata sufuri. Naye ni yule aliyekuja kuwa katika wanavyuoni wakubwa wa umma huu. Lakini isidhaniwe kuwa hadithi yaishia hapo. Alipomweleza babake, Sayyidna Umar alimwambia kuwa kama angelisema, ingelikuwa jambo lipendezalo zaidi kwake. Hakumpiga wala hakumtukana, lakini hakumficha pia kuwa alitamani mwanawe ajibu. Baba wa namna hiyo ndiye tumtakaye.

Serikali nayo yaonyesha kuwa imeanza kuliona jambo la kurudia. Katika mpango mpya mtoto hutahiniwa mwisho wa gredi ya 6, mtihani ulioanza 2022, na tena mwisho wa gredi ya 9, ulioanza 2025. Na katika kumpangia sekondari ya juu, mtihani wa gredi ya 6 huhesabiwa asilimia 20, kazi apimwazo skulini mwake katika gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na mtihani wa gredi ya 9 asilimia 60. Khalafu wanafunzi hugawanyika katika njia tatu: ya sayansi na ufundi na hesabu, ya ilimu za jamii, na ya sanaa na michezo. Hatusemi kuwa walifungua Minhaj! Twasema kuwa haki ni moja, na anayeitafuta kwa muda mrefu huifikia.

Ila pana khatari hapa ambayo wazazi hawajaifumbua. Zile asilimia 20 za skulini zi mkononi mwa mwalimu amjuaye mtoto kwa jina, na amjuaye babake, na ajuaye nyumba ipelekayo mahamri na nyumba isiyopeleka. Mwalimu atakayempandishia mtoto wa rafiki yake, au kumjazia alama kazi ambayo mtoto hakuifanya, na ajue kuwa Sura ya Mutaffifin ilishuka kwa watu wa mizani, na kuwa yeye leo ni mtu wa mizani. Anayepunja kibaba cha unga amemnyima mtu chakula cha siku moja.

Hapo ndipo tulipotaka kufika, yaani katika udanganyifu, kwani ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote tuliyotaja. Tutatanguliza kisa.

Mwaka 319 wa Hijra, nao ni 931 wa miladi, Khalifa Muqtadir alipata khabari huko Baghdad kuwa tabibu mmoja amekosea na mgonjwa amekufa. Akaamrisha asitibu mtu yeyote mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit, aliyekuwa mkuu wa matabibu. Waliotahiniwa walizidi 860, mbali na wale waliokuwa mashuhuri kwa ujuzi wao na waliokuwa katika utumishi wa Khalifa. Waandishi wa tarikh za matabibu wametaja kuwa alikuja mbele ya Sinan mzee mmoja wa haiba, kavaa vizuri, na Sinan akamheshimu akidhani ni mwanachuoni. Alipomtaka amsikilizishe ilimu yake na amtajie waalimu wake, mzee akatoa karatasi yenye dinari, akaziweka mbele yake, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika, lakini ana ahali na maisha yake ni kazi hiyo, basi asimkatie. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti asimpe mgonjwa dawa ya ugonjwa asioujua, wala asimwamrishe mtu kutolewa damu wala dawa kali ya kuharisha. Siku ya pili akaja kijana mzuri wa sura. Akaulizwa, umesoma kwa nani? Akajibu, kwa babangu. Ni nani babako? Ni yule mzee wa jana.

Watu husoma kisa hiki wakacheka, na Sinan mwenyewe alicheka. Lakini tazameni kilichoanzisha mtihani ule: mtu alikufa. Mtihani uliwekwa ili kulinda damu za watu, kama vile mtihani wa yatima ulivyowekwa kulinda mali. Mtihani wa kidato cha nne pia, japo waonekana kuwa ni karatasi ya Kemia na karatasi ya Hesabu, ndio kizingiti cha kwanza cha njia imfikishayo mtu mahali pa kushika kisu cha kupasulia, au kupiga hesabu ya nguzo za nyumba ya ghorofa tano, au kukaa katika kiti cha kadhi. Aliyevuka kizingiti hicho kwa kubebwa huenda akabebwa na katika vile vifuatavyo.

Sote twakumbuka mwaka 2015. Karatasi za kidato cha nne zilitembea katika simu kabla ya kufika skulini, na matokeo ya maelfu ya watahiniwa yakafutwa. Mwaka uliofuata baraza likapewa viongozi wapya, na karatasi zikafungiwa makontena yenye walinzi. Waliopata daraja ya A mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Wako waliosema kuwa namna ya kugawa madaraja nayo ilibadilika, na huenda hilo lina sehemu yake katika tofauti hiyo. Lakini hakuna mwenye akili atakayesema kuwa watoto wa Kenya walipungukiwa na akili kiasi hicho kwa miezi kumi na miwili.

Nani aliyezinunua karatasi zile? Mtoto wa miaka 17 hana pesa hizo. Zilinunuliwa na wazazi, na nyingine zilinunuliwa na skuli kwa mchango wa wazazi ulioandikwa jina jingine. Na katika wazazi hao walikuwamo Waislamu wanaotoa zaka na wanaofunga Sita. Tunapowauliza husema: "Sheikh, kila mtu afanya. Nikimwacha mwanangu peke yake na haki yake, atabaki nyuma." Hilo ndilo neno lao, na twalijua uzito wake, kwani mzazi aliyeuza kiwanja kulipa karo haoni mchezo katika matokeo. Lakini jibu lake ni katika soko la Madina. Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikatota. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiuweke umajimaji juu ili watu wauone, kisha akatoa ile hukumu mashuhuri ya kuwa anayeghushi hayumo pamoja naye. Shahada ya mtihani wa kuiba ndiyo chungu ile ile: juu yake kavu, yenye muhuri na saini, ndani yake maji. Na aliyetiwa maji ndani ni mwanao, ambaye umemfundisha akiwa na miaka 17 kuwa babake hamwamini kuweza, na hamwamini Mungu kuruzuku.

Na hayo ni kwa karatasi za kweli. Nyingi ziuzwazo siku hizi katika vikundi vya Telegram si mtihani hata kidogo, ni utapeli. Mzazi hupoteza pesa na dini kwa pigo moja, na mtoto hukesha akikariri majibu ya maswali yasiyokuja.

Tumebakiwa na mtoto aliyeanguka, naye ndiye aliyetufanya tushike kalamu. Kila mwaka matokeo yatangazwapo husikika khabari za mtoto aliyejifungia, au aliyetoroka, au aliyeinyoosha mkono wake juu ya roho yake mwenyewe. Kabla ya kuuliza mtoto huyo alikosa imani gani, ulizeni aliambiwa nini siku ile nyumbani. Twayajua yasemwayo, kwa kuwa kuta za miji yetu ni nyembamba. "Mwenzio wa jirani amepata, wewe umekula tu." "Pesa zangu umezitupa baharini." "Sina mtoto." Mama husema haya mbele ya shangazi, na baba husema mbele ya wageni.

Turudi katika Sura ya Nisaa. Kabla ya ile aya ya kujaribiwa kuna aya ya 5, juu ya wale wasiokuwa na akili ya kutunza mali. Mwenyezi Mungu amekataza wasikabidhiwe mali. Huo ndio uamuzi wa mtihani: huyu bado. Lakini katika aya hiyo hiyo akaamrisha walishwe, wavishwe, na waambiwe maneno mazuri. Mambo matatu, na hakuna hata moja lililofungwa kwa sharti ya kufaulu. Mtoto aliyepata D ana chakula chake, ana nguo yake, na ana haki ya neno zuri kutoka kwa walii wake, kwa nasi ya Qur'ani. Mzazi aliyemlisha na kumvisha kisha akamtukana ametekeleza amri mbili na kuivunja ya tatu.

Na neno zuri si lazima liwe neno la uongo. Asiambiwe kuwa amefaulu hali hakufaulu. Aambiwe kuwa majaribio hurudiwa, kwani hurudiwa kweli: mtihani wa kidato cha nne waweza kufanywa tena, na vyuo vya ufundi huwapokea hata waliopata daraja za chini. Hapa Mombasa chuo kilichofunguliwa 1951 kwa jina la Taasisi ya Ilimu ya Waislamu, MIOME, kilianza kwa kuwafunza vijana wetu kazi za mkono na za baharini, wala leo hakuna asiyekijua, kwani ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi. Wazee waliochanga pesa zake walifahamu kuwa mwenye kazi ya mkono hujaribiwa katika kazi yake. Baadhi ya wajukuu zao ndio waonao aibu mtoto akisema ataka kujifunza kutengeneza mashine za boti.

Mmoja katika wasomaji wetu ametuuliza kwa karatasi: alifanya mtihani wake miaka mingi iliyopita kwa majibu aliyopewa, akapata kazi kwa shahada ile, na sasa ana watoto, je, mshahara wake ni halali? Twamjibu kuwa lile alilolifanya ni haramu, na toba yake ni wajibu, kwa kujuta na kuazimia na kutomfanyia mwanawe kama alivyofanyiwa yeye. Ama mshahara, wako maulamaa wa zama zetu waliosema kuwa ikiwa aiweza kazi yake na aitimiza ipasavyo, basi achukuacho ni ujira wa kazi aifanyayo, na hapana ubaya kwake baada ya kutubu. Nasi twaifuata kauli hiyo. Lakini ikiwa kazi yenyewe haiwezi, na khasa ikiwa ni kazi ya miili ya watu, na aiwache leo kabla ya kesho, kwani imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu atadhamini khasara aliyoileta. Ndugu huyu hakututajia kazi yake ni gani. Yeye aijua.

Katika majuma ya mitihani darasa letu la usiku litakuwa fupi, na chumba cha nyuma kitawachiwa taa mpaka saa nne kwa wanafunzi wasio na mahali pa kusomea nyumbani, wavulana siku za Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, na wasichana siku zilizobaki pamoja na mwalimu wao wa kike. Hakuna malipo. Na wenye harusi katika majuma hayo twawaomba, kwa hishima ya majirani zao, vipaza sauti vizimwe saa tatu.